Nani Amelipa Hiyo Stori Unasoma Bure?

Wiki iliyopita mathe alinipigia simu akaniuliza, kwa ile sauti ya upole inayotisha kuliko makelele, kama ni mimi ninakula kredo yake. Alikuwa ameweka mia tatu asubuhi. Kufika saa nne zimebaki bob nane. Mathe anauza nguo za watoto, na nusu ya hiyo biashara ni kupigia watu: mzigo umefika, njoo uchague kabla ya wengine. Bila kredo mzigo hautoki. Nikamwambia afungue meseji anisomee. Akasoma: umekatwa, umekatwa, umekatwa, umekatwa.

Hakuwa mkora. Alikuwa sis yangu wa Form Three, yuko likizo, amejifungia chumbani na simu ya mathe, anasoma stori ya bure.

Bure, wasee. Hilo ndilo neno lililokuwa kwa tangazo. Wewe pia umeliona hilo tangazo, usijifanye. Msichana ameachwa na mume, kumbe mume ni bilionea, kumbe pia ni mbwa mwitu. (Sitanii. Ni mbwa mwitu na ana kampuni.) Sura kumi na mbili za kwanza ni bure kweli. Ya kumi na tatu ina kufuli, na kufuli inafunguliwa na koini, na koini zinanunuliwa na kredo. Kila sura kama bob 15 hivi. Sis alikuwa sura ya 94. Tulipopiga hesabu ya wiki nzima ilikuwa shilingi 1,230, na mathe alikuwa anadhani ni bando zinaisha haraka.

Nikamuuliza, "Na inaisha aje?"

"Sijui, bro. Bado hajajua mtoto ni wake."

Stori ilikuwa na sura 430 na bado inaandikwa. Yaani kufika tu pale ilipofika angelipa zaidi ya elfu sita, na hiyo doo inakupatia riwaya mpya nne dukani, za karatasi, zenye mwisho.

Sasa, kabla mzee mmoja hajaniambia ati vijana wa siku hizi hawasomi: huyu mtoto amesoma sura 94 kwa wiki moja. Kila sura ina kama maneno elfu moja. Hayo ni karibu maneno laki moja, na ni yeye huyo ambaye shuleni wanasema hawezi kumaliza kitabu cha kutahiniwa. Anasoma sana. Tatizo ni mahali tumemwacha asomee.

Na sitaki kusikia kwamba shida ni mapenzi au mbwa mwitu. Mimi napenda takataka nzuri. Nimelia kwa stori ambazo siwezi kutaja hapa. Shida yangu ni jinsi hiyo mashine imeundwa. Apu inayouza kwa sura haina sababu yoyote ya kutaka stori iishe. Ndiyo maana mtoto hajulikani ni wa nani kwa sura 80. Ndiyo maana kila sura inakatika mtu akiwa ameshika kitasa cha mlango. Huyo mwandishi hajashindwa kumaliza. Akimaliza, anakosa kazi.

Kwa hivyo nimejipa swali moja ambalo sasa nauliza kila kitu cha bure kabla nikifungue: nani amelipa? Juu lazima kuna mtu amelipa. Stori haimei kama nyasi. Mtu alikaa chini miezi, na huyo mtu anakula. Kama huoni aliyelipa, basi ni wewe, na bili yako iko kwa sura ya kumi na tatu.

Ukianza kuuliza hivyo unashangaa ni vitu vingapi vizuri ambavyo tayari vimeshalipiwa, vimekaa tu hapo, na hakuna anayekuwekea tangazo kwa sababu hakuna anayepata doo ukivisoma.

Chukua Tuzo ya Caine. Ni tuzo ya hadithi fupi za Afrika, ilianza 2000, na hadithi zinazoingia orodha ya mwisho huwekwa mtandaoni usome bila kulipa. Wakenya wameibeba mara tano. Makena Onjerika aliishinda 2018 na "Fanta Blackcurrant", stori ya wasichana wa mtaani hapa Nairobi wanaozungumza kwa sauti moja, "sisi", kuhusu mwenzao Meri. Niliisoma ndani ya matatu, na nilipofika mjini sikuweza kuwapita wale watoto vile nilikuwa nawapita kila siku. Idza Luhumyo wa Mombasa aliishinda 2022 na "Five Years Next Sunday", kuhusu msichana ambaye watu wanaamini nywele zake ndizo zinashikilia mvua. Okwiri Oduor 2014, mwanamke anajaribu kuchora kichwa cha babake aliyefariki na hakipati. Kila moja unaimaliza kabla foleni ya barabara ya Jogoo haijasonga.

Na ukidhani stori ya mtandaoni ni ya kiwango cha chini, basi ujue Binyavanga Wainaina alishinda hiyo tuzo 2002 na hadithi iliyochapishwa kwenye jarida la intaneti. Mwaka wa 2002! Simu za mathe zetu zilikuwa na nyoka tu. Mwaka uliofuata jarida la Kwani? likazaliwa hapa Nairobi, na Yvonne Adhiambo Owuor akaishinda tuzo hiyo hiyo na hadithi iliyotoka humo.

Kuna Lolwe, jarida la mtandaoni ambalo Troy Onyango alianzisha 2020. Jina ni lile Waluo wanaita ziwa letu, Nam Lolwe. Kuna Omenana, la Wanaijeria, tangu 2014, kama unataka majini, roboti na anga za mbali ambazo zina watu weusi ndani. Na kama unataka sayansi ya kubuni kwa jumla kuna Clarkesworld la Marekani, ambalo hulipa waandishi kwa kila neno, kisha linaacha wewe usome bure, kwa sababu wasomaji wenye uwezo wanalichangia. Wana hadi sauti: unaweka spika za masikio, unasikiliza ukiwa umesimama kwa matatu, mkono mmoja juu.

Hapo ndipo nikapata swali la pili, ambalo kusema ukweli ni muhimu kuliko la kwanza: nani amekataa?

Hebu fikiria kazi ya mhariri. Unamwona kama mtu wa kurekebisha nukta na mikato, lakini kazi yake kubwa ni kusema hapana. Anapokea marundo ya stori, anasoma mbaya zote kwa niaba yako, anakuachia chache. Hiyo ndiyo huduma. Februari 2023 Clarkesworld walilazimika kufunga mlango wa kupokea hadithi kwa muda, kwa sababu walifurikwa na stori zilizotemwa na akili unde na watu waliokuwa wanatafuta pesa ya haraka. Hebu ona: wao walifunga mlango ili usizione. Zile apu zingine hazina mlango wowote wa kufunga, na hizo stori zinaenda wapi unadhani? Zinakuja kwako saa tano usiku na picha ya mwanaume asiye na shati.

Ukienda Wattpad, kwa mfano, pale hakuna anayekataa. Sisemi usiende. Kuna vito pale, na kuna Wakenya wanaandika vizuri. Ila pale mhariri ni wewe, na wengi wetu hatujafunzwa kukataa. Tunaona idadi ya waliosoma tunafuata kama kondoo. Mimi huwa nafungua katikati. Kila mtu huchapa kazi kwa ukurasa wa kwanza, kwa hivyo ukurasa wa kwanza unadanganya. Fungua sura ya saba, soma kipande watu wakiongea. Kama wote wanaongea kama mtu mmoja aliyevaa nguo tofauti, toka. Huna deni la mtu. Na usisome chenye hakijaisha mpaka uwe umemwamini anayeandika, ukijua kuna wale wa kuaminika: Andy Weir alikuwa anaweka *The Martian* sura kwa sura kwa tovuti yake mwenyewe, bure, kuanzia 2009, na akaimaliza. Wasomaji wake ndio walimwomba aiweke mahali waweze kuinunua. Filamu ikatoka 2015. Hakuweka kufuli kwa sura ya kumi na tatu.

Alafu kuna wale waliolipwa zamani na sasa hawahitaji: marehemu. Project Gutenberg ina zaidi ya vitabu 70,000 ambavyo hakimiliki yake imeisha, na Standard Ebooks wanavichukua wanavisafisha vikae vizuri kwa simu. Najua unapiga miayo. Ni vile walikupatia marehemu wasio sahihi, tena kwa mtihani. Mary Shelley alianza kuandika *Frankenstein* akiwa na miaka 18. Umri wako. Maneno matupu ya hicho kitabu hayafiki MB moja. Bando ya bob ishirini inakushushia rafu nzima, na video moja ya mtu akipika chapo inaimaliza.

Nafika kwa ile sehemu sitaki kuandika.

Najua wengi wenu jibu lenu ni moja: Telegram, PDF, kwisha. Na mimi nilikuwa huko. Mwaka juzi nilipata PDF ya riwaya ya mwandishi Mkenya, kitabu kipya kabisa, kimechapishwa hapa hapa. Nikakitupa kwa group moja kubwa ya wapenda vitabu na maneno ya majigambo, ati "sherehe ni ya kila mtu." Watu wakanimiminia mioyo. Nilijisikia kama Robin Hood wa Umoja. Dakika kumi baadaye mtu akaniandikia pembeni: "Buda, mwenye kitabu yuko humu ndani."

Hakunitukana. Hakuandika lolote. Nilirudi kwa group nikaona tu ile laini ndogo ya kijivu ikisema ametoka.

Niliuliza baadaye kitabu kilikuwa kinauzwa pesa ngapi. Ni pesa ambayo nilikuwa nimetumia Jumamosi ile kwa kuku na soda. Ukinirudia swali langu mwenyewe, nani amelipa, jibu la siku ile linajulikana, na alikuwa anaona kila moyo unavyoingia.

Kwa hivyo usiniambie huna doo kama sababu ya kuiba kwa mwandishi aliye hai na anayepanda matatu kama wewe. Kama huna doo, soma ile hadithi aliyoiweka bure mwenyewe. Karibu wote wanazo, kwa majarida nimetaja hapo juu. Ukiipenda, siku utapata doo utajua nani wa kununua. Na kama ni pesa kidogo unayo, angalia majirani zetu wa Tanzania wanavyofanya kwa Facebook na WhatsApp: mwandishi anaweka sehemu kumi za riwaya bure, anaandika ITAENDELEA kwa herufi kubwa, kisha anakwambia wazi kabisa, ukitaka yote tuma kiasi hiki, utapata yote leo. Bei moja, unaijua kabla ya kuanza, na pesa inaingia mfukoni mwa aliyeandika. Ule ni uchuuzi wa heshima. Linganisha na koini.

Lakini hapo kwa Tanzania ndipo panaponiuma kama Mkenya. Rudi uangalie orodha yangu. Karibu kila kitu nimekwambia usome kiko kwa Kiingereza. Nenda sasa hivi utafute hadithi fupi za Kiswahili za bure. Nimefanya hivyo usiku mzima. Nilichopata ni miongozo. Mwongozo wa *Chozi la Heri*, mwongozo wa *Tumbo Lisiloshiba*, dondoo na majibu yake, mtihani wa majaribio na majibu yake. Kiswahili cha kujibia maswali kimejaa kila mahali. Kiswahili cha kusoma ukiwa umelala chali Jumapili, kukitafuta ni kama kutafuta maegesho mjini. Alafu tunashangaa mtoto anaenda kwa mbwa mwitu.

Kuna mwanga kidogo. Jalada, kikundi cha waandishi kilichoanzia Nairobi, kilitoa 2016 hadithi ambayo marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o aliandika kwa Gĩkũyũ, ya jinsi binadamu walivyoacha kutembea kwa miguu minne, mikono na miguu ikigombea ukubwa. Waliitafsiri, na imefika zaidi ya lugha 60, Kiswahili kikiwemo, na yote ni bure. Nilimsomea sis kwa sauti siku mathe alimnyang'anya simu. Alicheka mahali pa kucheka. Akauliza, "Imeisha?" Imeisha. Alikuwa amesahau kwamba stori huisha.

African Storybook nao wana vitabu vya picha vya watoto kwa Kiswahili na lugha zetu nyingine, bure kabisa, na leseni yao inakuruhusu hata kutafsiri na kuvisambaza. Kama una mdogo wako wa miaka sita nyumbani, umemaliza shida. Lakini kati ya miaka sita na ile ya kulipa rent, kuna shimo.

Na hili shimo sehemu yake ni uvivu wetu. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya, ya 2001, inalinda kitabu maisha yote ya mwandishi na miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka aliofariki. Shaaban Robert alifariki 1962. Piga hesabu mwenyewe. *Kusadikika* ilitoka 1951: nchi inayoelea hewani, kijana anaitwa Karama amesimamishwa kortini, kosa lake ni kutaka kufundisha watu sheria, na waziri anayemshtaki anaitwa Majivuno. Aki soma hiyo sentensi tena halafu uniambie hicho ni kitabu cha babu. Hicho ni kitabu cha mtu yeyote aliyekuwa barabarani Juni 2024.

Nilikitafuta kikiwa kimechapwa vizuri kwa simu, kisheria, bure. Nilipata picha za kurasa zilizopigwa zikiwa zimepinda, kidole cha mtu kimeziba mstari. Na usingoje Gutenberg watufanyie, wako Marekani na wanafuata sheria ya huko, ambayo kwa vitabu vya miaka hiyo inabana zaidi. Ila kumbuka walivyoanza. Julai 1971 jamaa mmoja wa chuo, Michael Hart, miaka 24, alikaa mbele ya kompyuta ya Chuo Kikuu cha Illinois akachapa maandishi ya kwanza kwa vidole vyake. Hakukuwa na ofisi wala mfadhili. Alichapa tu.

Sisi tuna simu zenye nguvu kuliko ile kompyuta na tunazitumia kununua koini.

Kwa hivyo sikilizeni mpango. Nilinunua kopi ya *Kusadikika* kwa wale wa vitabu vya kando ya barabara mjini, kurasa zimegeuka rangi ya chai. Sis ana deni la 1,230 kwa mathe, na mathe amekubali alilipe kwa kazi. Kila jioni mimi nasoma kwa sauti, yeye anachapa, tukimaliza ukurasa tunaukagua pamoja. Ameshanisimamisha mara mbili kuuliza kama Majivuno ni mtu wa kweli. Tuko ukurasa wa kumi na moja. Kama una kitabu cha Kiswahili cha mwandishi aliyefariki kabla ya 1970, kopi iliyo kamili, na uko tayari kuchapa, niandikie uniambie ni kipi tusichape viwili. Mimi nimeitwa, mathe amemaliza kupika na sis ameshawasha kompyuta.